Ukurasa Uliopita Chini ya Mlango

Niseme mapema ili tusichoshane: kitabu cha maelekezo ya Chota nilikiandika mimi, Damaris, mama Tusekile, wa hapa Ikolo. Hakukiandika Isaya. Isaya alitengeneza programu yenyewe, na kwa hilo namvulia kilemba, lakini kuna watu huko Kyela mjini wanaozunguka wakisema na kitabu ni chake. Isaya hawezi kuandika sentensi mbili zikasimama pamoja. Kitabu ni changu, kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho, ambao uliingia kitabuni kwa njia ambayo nitaieleza.

Ilikuwa mwaka 2002. Miaka ile kila tulipowasha redio tuliambiwa soko limekuwa huria na kila mtu ajitegemee, basi wakulima wa mpunga na kakao wa huku kwetu nao wakajitegemea: wakaanzisha Ushirika wa Umeme wa Lufumbo, wakafunga mtambo mdogo kwenye maporomoko ya maji, wakavuta nyaya hadi nyumba mia moja arobaini na sita. Mita zilipatikana kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasumulu, zimeshatumika huko zilikotoka, na zilikuwa za ajabu kidogo. Hazikuhitaji mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akichungulia. Zilipeleka hesabu zenyewe ofisini kupitia waya ule ule wa umeme. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kuzipokea hizo hesabu, ndipo wakamleta Isaya, kijana wa Mbeya mwenye miwani, naye akatengeneza Chota.

Kazi ya Chota ni rahisi kuielewa. Unaipa jina la mwenye nyumba na tarehe unazotaka. Inakwenda kwenye mita yake, inachota, inarudi na karatasi kwenye kioo cha kompyuta: nyumba ile imetumia umeme kiasi gani, siku kwa siku, saa kwa saa. Ndiyo hiyo tu. Lakini kati ya kuelewa kazi ya kitu na kukitumia kuna mto, na mto huo hauna daraja kama hakuna kitabu.

Mimi nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka kumi na moja kwenye shirika moja la mazao, hadi lilipouzwa na aliyelinunua akatushukuru kwa utumishi wetu mwema na kutuonyesha lango. Mwaka mzima nikakaa nyumbani naanika mpunga. Sina ugomvi na mpunga. Ila ulifika wakati nikawa naongea na kuku, na kuku wakawa wananijibu, na mume wangu Ambwene akaanza kuniangalia kwa huruma. Basi Ushirika uliponichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, niingize majina ya wanachama kwenye mashine na niandike kitabu cha maelekezo, niliivaa ile kazi kama nguo ya sikukuu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Zebedayo, aliniwekea sharti moja. Isaya alikuwa amepata kazi Mbeya na angeondoka Jumapili. Kabla hajaondoka, Jumamosi, bodi ingemteua mzee mmoja ambaye hajawahi kuigusa kompyuta, imkalishe mbele yake na kitabu changu peke yake, bila mtu wa kumwelekeza. Akifanikiwa kuchota, atatia sahihi, nami nitakuwa karani wa Chota wa kudumu. Akishindwa, wataleta kijana wa Mbeya mwenye cheti, mimi nirudi kwa kuku.

Isaya aliponikabidhi maelekezo yake ya awali, ilikuwa karatasi moja yenye maneno manne: Fungua. Ingiza. Chota. Funga. Nikamuuliza, fungua nini? Mlango? Akasema programu. Ingiza nini? Akasema, jina, nini kingine? Akashangaa kwa nini namuuliza vitu vilivyo wazi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu alikuwa amekitengeneza kitanda na hakuwahi kukilalia. Nikamtoa nje aende kutazama mtambo.

Rasimu ya kwanza niliijaribu kwa Marta, muuza vitumbua wa pale mbele ya ofisi, mwanamke anayesoma vizuri na asiyeogopa kitu. Alikwenda sawa mpaka Hatua ya Sita, nilipokuwa nimeandika "subiri kidogo". Marta akainuka, akafunga kanga, akaondoka. Alirudi baada ya saa mbili. Alikuwa amekwenda Bujonde kumjulia hali shangazi yake. Nilipomuuliza kulikoni, akasema wewe si umesema nisubiri kidogo, na mimi siwezi kusubiri nimekaa tu kama gunia.

Hapo nikajua kwamba neno "kidogo" halina urefu. Isaya akapendekeza niandike sekunde ishirini, lakini ni nani Ikolo anahesabu sekunde? Nikafikiri usiku na mchana, nikapata kipimo ambacho kila mtu wa huku anacho mdomoni. Hatua ya Sita ikawa hivi: "Baada ya kubonyeza, subiri kwa muda wa kumsalimia mtu mmoja. Umuulize ameamkaje, watoto, ng'ombe na shamba. Asiwe mtu mliyepotezana siku nyingi." Tukapima. Ilitoka sekunde ishirini na mbili. Isaya akavua miwani, akaifuta. Hiyo ndiyo siku aliyoanza kuniita Mama.

Sasa nifike kwa baba mkwe wangu, maana bila yeye hakuna hadithi.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima. Akija njia hii, mimi naingia kwenye mikakao. Hatuongei, hatuketi chumba kimoja, na jina lake halipiti mdomoni mwangu. Siku hizi wako mabinti wanaolegeza, wanasema ni mambo ya zamani, lakini mimi nililelewa na bibi na sikulelewa kulegeza. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa namjua baba mkwe kwa kofia yake, kwa mgongo wake na kwa kikohozi chake. Siku moja nilisimama kwenye jaruba la mpunga, maji magotini, saa nzima, kwa sababu alikutana na rafiki yake njiani wakaanza kuzungumzia mvua. Hata hapa jina lake sitaliandika, na msomaji asinisumbue.

Lakini chakula chake cha mchana napika mimi, kila siku ya Mungu. Wali wetu wa Kyela, ndizi, samaki mbasa akipatikana, dagaa wetu wa usipa mbasa asipopatikana. Anayepeleka ni wifi yangu Angetile. Vyombo hurudi vitupu jioni. Vyombo vitupu ndiyo barua pekee niliyowahi kupata kutoka kwa mzee yule, na niliisoma kila jioni kwa furaha.

Ijumaa mchana Mzee Zebedayo akatangaza mzee aliyeteuliwa kukijaribu kitabu. Akataja jina. Nikaziba masikio, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Walikuwa wamemteua baba mkwe wangu.

Sababu zao zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuwa karani wa forodha mstaafu, miaka thelathini pale mpakani Kasumulu, mtu wa kusoma kila mstari wa kila fomu. Inasemekana aliwahi kumrudisha mtu ng'ambo ya Mto Songwe na mbuzi wake kwa sababu fomu ilisema mbuzi mweupe na mbuzi alikuwa na doa sikioni. Zaidi ya hapo, hakuupenda umeme. Kwenye kila mkutano wa wanachama alisimama akasema yeye ana taa moja na redio, basi, na kwamba chakula kilichopikwa kwa waya ni chakula cha hospitali. Zebedayo alisema kitabu kikimridhisha huyo, kitamridhisha hata shetani.

Sikulala vizuri. Lakini kilichonisumbua kilikuwa mlango tu: atapitia wapi, nitapitia wapi, tusije tukagongana. Ambwene akanituliza. Ofisi yetu ilikuwa ghala la mpunga zamani, ina vyumba viwili na ukuta usiofika darini. Mimi ningeingia mapema chumba cha ndani, mlango ufungwe, na nisitoke mpaka mzee aondoke. Bodi na Isaya wangekaa barazani, dirisha wazi, wamwone na kumsikia. Nikaona imekaa vizuri. Kuna jambo moja kubwa nilikuwa nimelisahau kabisa, na wala halikunijia hata kwenye ndoto.

Jumamosi saa tatu nikawa nimeketi chumba cha ndani juu ya gunia, mkononi nina kalamu na karatasi chache za kuandikia makosa yatakayojitokeza. Nikasikia kikohozi. Nikasikia kiti kinavutwa. Mzee Zebedayo akasoma masharti kupitia dirishani: mjaribu atatumia kitabu peke yake, hakuna mtu atakayemsaidia kwa mdomo. Na kwa kuwa siyo adabu kuchungulia nyumba ya mwenzako, achote matumizi ya nyumba yake mwenyewe, ya wiki iliyopita, ayasome kwa sauti.

Baba mkwe alianza na jalada. Akalisoma. Akasoma yaliyomo. Akasoma mahali nilipomshukuru Marta. Hakuna mtu, kabla wala baada yake, aliyewahi kukisoma kitabu kile hivyo, na nikiwa pale juu ya gunia nilijisikia fahari mpaka machozi. Hatua ya Kwanza, akawasha. Ya Pili, akafungua. Ya Tatu, ya Nne, akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama anayepanda mahindi. Ya Tano, akabonyeza. Kisha akafika Hatua ya Sita, akaisoma mara mbili, akakohoa, na kwa sauti ya heshima kabisa akaisalimia kompyuta kwa Kinyakyusa, "Ugonile."

Akaipa nafasi ijibu. Akaiuliza watoto. Akaiuliza ng'ombe. Barazani hakuna aliyethubutu kucheka. Alipoiuliza shamba, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kujibu, nikaudaka kwa mikono miwili.

Kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi.

"Mwenyekiti," baba mkwe akasema, "mashine inasema mimi sipo. Na mimi nipo tangu kabla ya uhuru."

Ndipo nilipokumbuka. Mwezi wa tano, nilipokuwa naingiza majina ya wanachama mia moja arobaini na sita, nilifika kwake. Jina halipiti mdomoni mwangu, na vidole navyo ni vyangu, vikagoma. Nikaandika vile tunavyoiita nyumba yake kwetu jikoni, kwa sababu ya miti iliyosimama langoni: MICHIKICHI MIWILI. Nikaendelea na anayefuata. Kwangu mimi hilo lilikuwa jina lake halisi kiasi kwamba sikuona kama nimeruka kitu.

Alijaribu tena, na akaisalimia tena, kwa maana kitabu kilisema asalimie kila akibonyeza. Mlio ule ule. Barazani nikamsikia Mzee Zebedayo akiguna na kusema, kwa masikitiko ya mtu aliyeshajiandaa, kwamba kitabu basi kimeshindwa, na wataandika barua Mbeya. Nikaona kuku. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na majina yao.

Kusema nisingeweza: masharti yalikataza, na hata yasingekataza, bibi yangu angefufuka. Lakini mikononi nilikuwa na karatasi. Nikafikiri haraka. Miiko yetu ilitungwa kabla karatasi hazijaingia nchi hii. Imekataza macho na mdomo. Kuhusu nafasi iliyo chini ya mlango, wazee hawakusema kitu. Nikaandika:

"Nyongeza ya Hatua ya Nne. Kama jina halipatikani, huenda aliyeingiza majina hakuweza kuliandika kwa sababu ya adabu. Hapo andika: MICHIKICHI MIWILI."

Nikaisukuma chini ya mlango. Nikasikia kiti, hatua tatu, goti linalia, karatasi inaokotwa. Halafu karatasi ikarudi kwa njia ile ile. Nyuma yake, kwa mwandiko wa forodha, ulionyooka kama mstari wa jeshi, aliandika: "Haina tarehe. Haina sahihi. Haijulikani imetoka kwa nani."

Haijulikani imetoka kwa nani. Chumba kile kilikuwa na mtu mmoja na gunia. Nilikasirika, nakiri. Nilikasirika hadi nikasahau kuogopa. Nikaweka tarehe, nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: DAMARIS, MWANDISHI. Nikasukuma kwa nguvu, karatasi ikateleza ikapita hadi chini ya meza.

Mzee Zebedayo aliiona akapinga kupitia dirishani, akasema huo ni msaada. Baba mkwe akamjibu bila kuinua sauti kwamba masharti yaliyosomwa yanakataza msaada wa mdomo, na yeye hajasikia mdomo wa mtu. Alichopokea ni waraka, una tarehe, una sahihi, ni halali. Kama bodi ilitaka kukataza nyaraka, ingeandika. Nilimsikia mwenyekiti akirudi kitini. Nikamsamehe baba mkwe jaruba na kila kitu.

Akaandika MICHIKICHI MIWILI. Akabonyeza. Akaisalimia kompyuta mara ya tatu, na safari hii, nadhani kwa kuwa walishazoeana, alimuulizia na shangazi. Halafu hakukuwa na mlio. Chota ilikuwa imechota.

Isaya alipiga makofi peke yake. Baba mkwe akaanza kusoma kwa sauti, kama masharti yalivyotaka. Jumatatu, alfajiri, redio kidogo. Asubuhi, hakuna kitu. Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna. Saa saba mchana. Hapo akasita. Akakohoa. Lakini mtu aliyemrudisha mbuzi kwa doa la sikio hawezi kuruka mstari, hata ukiwa wake. Akasoma: saa saba mchana, matumizi yanapanda mara ishirini. Saa nane yanashuka. Usiku, taa moja. Jumanne, saa saba mchana, yanapanda. Jumatano, saa saba mchana.

Isaya, ambaye Mungu alimpa akili nyingi na kuzisahau breki, akaeleza kwa furaha toka barazani kwamba hiyo si taa wala redio. Hilo ni jiko la umeme, la sahani moja. Barazani watu wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka Mzee Zebedayo akapaliwa. Taa moja na redio. Chakula cha hospitali. Njia ya mwongo ni fupi, walisema, na hii ilikuwa na urefu wa waya mmoja.

Mimi sikucheka. Kazi yangu ilikuwa imebakiza sahihi yake tu, na jambo la busara lilikuwa kukaa kimya juu ya gunia langu nimsubiri atie. Lakini nilikuwa nimeshika hesabu. Chakula kinatoka jikoni kwangu saa sita kasoro. Saa saba anawasha jiko. Kila siku. Maana yake ni moja tu: anapokea chakula changu, anakiweka pembeni, anajipikia chake. Vile vyombo vitupu nilivyofurahia miaka yote, nani alikuwa akivikomba, mbwa? Miaka kumi na minne nimechagua mchele, nimepuliza moto, nimempa kichwa cha mbasa, na yeye, umeme umefika juzi tu, ameshaanza kujikaangia mayai kwa waya. Nikajua kwamba nikimwaibisha zaidi hatatia sahihi, na mkono ukawa umeshaandika:

"Hatua ya Kumi na Mbili. Ikiwa matumizi yanapanda kila siku saa saba mchana, mwenye nyumba aeleze: chakula anacholetewa kina kasoro gani?"

Tarehe. Sahihi. Nikaipitisha.

Nikasikia akiiokota. Kicheko cha barazani kikaisha chenyewe. Mvua ikaanza kugonga bati, na mimi nikawa nahesabu: amesalimia mtu mmoja, amesalimia wawili, amesalimia ukoo mzima. Halafu kalamu ikaanza kukwaruza. Ilikwaruza muda mrefu. Karatasi ikarudi.

"Mkamwana. Chakula hakina kasoro. Kinafika kimepoa, kwa kuwa Angetile husimama kila nyumba kuanzia kwenu hadi kwangu, na nyumba ni tisa. Wali wa kupoa wa mikono yako ni mzuri kuliko wa moto wa watu wengine, lakini meno yangu ni ya uzeeni. Nilinunua jiko Kasumulu ili nikipashe. Sikusema, kwa kuwa Angetile angegombezwa, na wewe ungedhani nakulalamikia. Miaka kumi na minne sijabakiza hata punje."

Kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa jina lake, nikaifunika kwa kidole gumba. Kisha nikalia pale juu ya gunia, kwa sauti ndogo, maana hata kilio chake mkamwana hutunza.

Upande wa pili nikamsikia akimwambia mwenyekiti alete kalamu ya wino, ile yake imeisha. Akatia sahihi. Mzee Zebedayo akasema sawa, kitabu kimefaulu, ila lile jina la Michikichi Miwili lifutwe na liingizwe jina halali la mwanachama, yeye mwenyewe aliandike sasa hivi kabla hajaondoka. Baba mkwe akakataa.

"Liache hivyo hivyo," alisema. "Aliyeliandika alijua anachofanya."

Isaya aliondoka Jumapili kwa basi la Mbeya na nakala moja ya kitabu, ambayo nasikia anawaonyesha watu. Nyongeza ya Hatua ya Nne imo, ndiyo ukurasa wa mwisho, imepigwa chapa, na bodi imeongeza mstari kwamba kila karani mwanamke ataje majina aliyoshindwa kuyaandika. Yakapatikana kumi na saba, ya makarani wawili tu waliowahi kushika ile kompyuta, mimi na binti niliyeletewa baadaye anisaidie. Hatua ya Kumi na Mbili nimeitoa, ile si ya kila mtu.

Angetile sikumgombeza. Nilikwenda Kasumulu nikanunua hotipoti, lile bakuli la plastiki lenye kifuniko kinene linalotunza moto, nikamkabidhi, nikamwambia sasa asimame nyumba zote tisa na akitaka aongeze ya kumi.

Jumatatu ilipopita, Jumanne asubuhi nilifika ofisini mapema. Karani wa Chota, wa kudumu, na ufunguo wangu mwenyewe. Nikawasha, nikafungua, nikaandika MICHIKICHI MIWILI na tarehe ya jana, nikabonyeza, nikaisalimia mashine. Alfajiri, redio kidogo. Saa tano, hakuna. Saa sita, hakuna. Saa saba mchana, hakuna kitu. Nikadhani nimekosea hatua, nikafungua kitabu changu mwenyewe, nikafuata upya kutoka mwanzo, na kusalimia nikasalimia. Saa saba mchana, hakuna kitu.

Jioni hotipoti lilirudi tupu, limeoshwa. Nilipofungua kifuniko nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Kilikuwa na maneno matatu: "Kimefika cha moto." Chini kulikuwa na tarehe, na sahihi, ambayo niliifunika kwa kidole.